Mlango Uliokwenda Baharini

Majina yao wote ninayo kichwani: la mume wangu, la muuza kahawa aliyemtia maneno, la fundi aliyekula wali wangu kiangazi kizima, na hata la paka aliyekuwa akilala ndani ya mashua. Siyaandiki. Wajukuu zao tunakutana sokoni, wananiamkia shikamoo kwa adabu, na si kosa lao kuzaliwa na watu wale. Mie shule sikuiona. Nilisoma chuo cha Kurani tu, na kuandika nimejifunza ukubwani, kwa hiyo anayetaka maneno ya madaraja akatafute kwingine.

Mume wangu alikuwa tarishi katika ofisi moja mjini. Kazi yake kubeba bahasha kutoka mlango huu kwenda mlango ule, kavaa kaptula ya kaki iliyopigwa pasi mpaka ingeweza kusimama yenyewe. Bahari alikuwa akiiona kwa dirisha la ofisi. Huyo ndiye aliyeamua kwamba tuhamie chomboni.

Tulikuwa tunakaa Kinondoni. Wakati huo Kinondoni ni minazi na mihogo na nyumba moja moja, na Mwingereza bado yupo na hana dalili ya kuondoka. Nyumba ilikuwa ya mama yangu, aliyojengewa na kaka zake baada ya baba kufariki, ya miti na udongo, paa la makuti. Macho ya mama yalikuwa yamekwisha. Ndani alikwenda kwa kupapasa ukuta: mlango wa kwanza, ufa, msumari wa kutundikia ungo, mlango wa pili, mtungi. Ndani ya nyumba ile alikuwa haulizi kitu. Nje ya hapo hakuweza kwenda popote bila kushikwa mkono, na mkono wenyewe ulikuwa wangu, kwa kuwa watoto wengine wote alikwishawazika. Kwa hiyo tulipooana, mume ndiye aliyekuja kwetu. Alikuja na sanduku na mwavuli, akachongesha mlango wa mninga wa chumba chetu, mzuri, hilo silifichi. Katika nyumba nzima kitu chake kilikuwa mlango huo.

Kukaa ukweni hakukumuuma hata kidogo mpaka alipoambiwa kunauma. Aliyemwambia ni muuza kahawa wa pale kwetu, mtu aliyewahi kupika kwenye jahazi safari chache, akajiita baharia kuanzia siku hiyo.

"Shemeji hajambo?" humuuliza mbele ya watu, huku anagonganisha vikombe.

"Hajambo."

"Na bwana wake?"

"Bwana wake si ndiye mie."

"Ah. Mie nilidhani wewe ndiye mke. Maana aliyehamia ni wewe."

Watu wakicheka, mume wangu anacheka nao, halafu anakuja nyumbani ananuna kwangu. Mwanamume mzima, anayeogopwa na kila mtu aliyeandikiwa bahasha ya serikali, analala ameelekea ukutani kwa sababu ya maneno ya kahawa ya kikombe kidogo.

Mjomba wake mmoja akafa, akamwachia mashua. Ilikuwa imelala ufukweni Msasani kwa miaka, juu ya mchanga, mbao zimekauka na kuachana hata unaona upande wa pili. Kaa walikuwa wakiingia na kutoka. Mume wangu akaenda kuitazama akarudi anatembea kwa kupanua miguu, kama mtu aliyezoea mawimbi.

"Mke wangu, nimepata nyumba," akasema.

"Iko wapi?"

"Msasani. Tutaitengeneza, tutakaa humo humo. Nani ataniambia nimeolewa?"

Nikamuuliza mama atakaa na nani. Akasema mama atakuja kututembelea. Mama, ambaye hata chooni anafika kwa kuhesabu nguzo, atupandie chomboni.

Nilikataa. Akaenda kunishtaki kwa mwalimu wa madrasa yetu, ambaye kesi za ndoa za mtaa ule zilianzia kwake. Mwalimu alikuja akakaa barazani kwetu, nikamtilia halua, akatoa hukumu huku anatafuna.

"Binti yangu, mke anamfuata mume kwenye makazi. Makazi ni chumba chenye mlango wa kufungwa, mahali pa kupikia, na choo. Akiwa navyo hivyo, juu ya nchi au juu ya maji, utakwenda. Asipokuwa navyo, hana haki ya kukutoa hapa."

Mtu huyo hata kivuko cha Kigamboni hakuwahi kukipanda. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akasema tu, "Mwalimu, na siku ya kuhama uwepo wewe mwenyewe, uvitazame hivyo vitatu kwa macho yako. Mie yangu hayapo." Mwalimu akaahidi, akaomba halua nyingine.

Basi kazi ikaanza, kama ile ni kazi. Fundi wa vyombo aliletwa, mtu mnene, mikono inajua lakini tumbo ndilo lililokuwa likiamua. Mie nikapewa sehemu yangu: kusokota pamba ya kalfati. Unaisokota nyuzi ndefu, unailoweka mafuta, fundi anaipiga kwa nyundo kati ya mbao ili maji yasiingie. Nilisokota pamba ya kujaza magodoro. Kisha tukapaka sifa, mafuta ya papa, mashua nzima ndani na nje. Harufu yake haina dawa. Iliingia kwenye kanga zangu, kwenye nywele, kwenye unga. Mume wangu akirudi jioni, mama yuko ndani kabisa, hajasikia hata kikohozi, ataita, "Mwanangu, papa wako karudi."

Kila siku ya mapumziko nilijitwika sufuria ya wali kutoka Kinondoni mpaka Msasani. Nikifika, nakuta wanaume watatu wamekaa ndani ya mashua, nchi kavu, wanakunywa kahawa. Mume wangu ameanza kuitwa nahodha. Aliitikia.

"Nahodha, choo kikae tezi, nyuma kule," anasema muuza kahawa, "kining'inie juu ya maji. Majahazi yote ndivyo."

"Na chumba kikae katikati," anasema nahodha.

"Na jiko?"

"Jiko liwe omo, mbele kabisa. Moshi uende zake."

"Chombo kikienda mbele, moshi wa mbele unakwenda wapi?" nikauliza.

Wakanitazama. Muuza kahawa akasema kwa upole ule wa kumsemesha mtoto, "Shemeji, haya ni mambo ya bahari."

Fundi alikuwa anakula. Hakuinua uso.

Wakajenga. Choo kilikuwa kiboksi cha mbao kisicho na sakafu. Chumba walikipa kuta za makuti, na nguzo zake wakazifanya zile pondo mbili ndefu za kusukumia mashua kwenye maji madogo, kwa kuwa zilikuwepo tu hazina kazi. Kamba ya nanga waliikata wakafungia paa. Jiko lilijengwa mbele ya mlingoti, na kwa kuwa nahodha alitaka mwalimu asipate la kusema, lilijengwa kwa heshima zote, mafiga ndani ya sanduku la mchanga, mbao pande tatu, juu bati. Lile bati ndilo lililokuwa fahari yake. Nyumba ya mama ilikuwa ya makuti, jiko lake yeye lina bati.

Mwisho akaja kuchukua mlango. Aling'oa mlango wa chumba chetu mbele yangu, bawaba moja moja, akaubeba. Ulikuwa mrefu kuliko chumba cha mashua, kwa hiyo akaukata chini, shubiri nzima, bila kutia hata huruma kwenye msumeno. Sie tukatundika gunia. Mama alipopapasa akafika pale akashika gunia, akasimama. Akaugusa ukuta wa kulia, akaugusa wa kushoto, akarudi alikotoka kuanza upya. Mie sikuweza kula siku ile.

Siku ya kuishua mashua majini nilifunga mzigo wangu. Nilikuwa sina budi. Mwalimu alikuja kama alivyoahidi, akaingia ndani akavua na viatu, akafungua mlango akaufunga, akatazama choo, akachungulia jikoni. Akatoka akaniambia, "Binti, vipo vyote vitatu." Pale ndipo nilipojua nimepotea. Jirani alikuwa amekaa na mama nyumbani, na alishaniambia hawezi zaidi ya siku ile.

Ubani ukafukizwa, kisomo kikasomwa, watu wakala wali wangu, wakapanga magogo wakaivuta mashua kwa nyimbo mpaka ikaelea. Lazima niseme ilielea. Mapatano yalikuwa waipeleke mbele kidogo, nahodha, fundi na muuza kahawa, waijaribu kwa tanga, kisha wageuke wanichukue na mzigo wangu na paka. Nikakaa juu ya mzigo. Mwalimu akakaa kivulini kungoja hukumu yake itimie.

Mashua ikaenda vizuri kabisa, upepo wa kusi unaisukuma. Tukaona wameshika kamba wanataka kugeuka. Mashua zetu zile hazigeuki kwa usukani peke yake. Foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga, lazima isimamishwe wima, ncha yake ya chini ipitishwe mbele ya mlingoti, tanga lihamie upande wa pili. Mbele ya mlingoti ndipo lilipokuwa jiko. Ncha ikaja ikagonga bati. Tulisikia mpaka ufukweni. Wakairudisha, wakaileta tena, ikagonga tena.

Maneno waliyosemezana nilikuja kuyapata kwa muuza kahawa, na kwa mara moja namwamini, maana yanamwaibisha na yeye. Fundi alichukua shoka.

"Tubomoe jiko."

"Jiko halibomolewi," nahodha akasema. "Mwalimu anatazama."

"Mwalimu yuko nchi kavu, bwana. Sie tunakwenda Bagamoyo."

"Bila jiko si makazi. Mke wangu atabaki kwao."

"Na kwa jiko si chombo. Hakirudi."

"Shusheni tanga tusukume kwa pondo."

"Pondo ziko wapi?"

Pondo zilikuwa zimeshika paa la chumba. Nanga wakaitupa, kamba haikufika chini. Na nahodha, badala ya kushika chochote cha maana, akapanda akaketi juu ya jiko lake, juu ya bati, fundi asilifikie. Hivyo ndivyo nilivyomwona mara ya mwisho siku ile: kaptula ya kaki imekaa juu ya bati, inakwenda kaskazini, inakuwa ndogo. Hakuna aliyekuwa na hofu ya roho zao, pwani ile ina mikoko na mafungu ya mchanga, utakwama tu. Watu wakamaliza wali. Mwalimu akaniuliza kama nadhani watarudi. Nikamwambia yeye ndiye aliyekagua.

Fundi nilimkabili baadaye. Nilimuuliza, uliona tangu mwanzo kuwa jiko litazuia foromali? Akasema, "Niliona, shemeji. Lakini mwenye mali alitaka jiko, na wewe wali wako ulikuwa mzuri." Mpaka leo nikimkumbuka natamani kama ningeutia mchanga.

Walikwama kwenye mikoko ya huko karibu na Boko. Wale wawili walirudi kwanza. Nahodha akalala juu ya chombo chake, nadhani alikuwa akitafuta la kusema. Kisha akaja kwa miguu, barabara yote ya Bagamoyo, amejitwika mlango kichwani. Watu wa njiani walimpisha wakidhani anabeba maiti.

Alikuta mwalimu yupo kwetu, kaja kuuliza habari na kula. Mama yuko kizingitini.

"Shikamoo mama," akasema kutoka chini ya mlango.

"Marahaba. Umefika, nakusikia kwa pua."

Akautua. Akajinyoosha, akamgeukia mwalimu. "Mwalimu, mashua ni salama. Imekaa kwenye mikoko, imetulia, haitikisiki hata kidogo. Sasa ni nyumba hasa. Nimekuja kumchukua mke wangu."

Mama akanyoosha mkono, akapapasa, akaukuta ule mlango, akapitisha vidole mpaka kwenye bawaba.

"Mwalimu," akasema, "hebu niambie wewe unayeona. Hiki nini?"

"Mlango, mama."

"Wa wapi?"

Mwalimu akamtazama nahodha. "Umeung'oa wewe mwenyewe?"

"Ningeuacha wangeiba."

"Basi makazi hayana mlango," mwalimu akasema, na kwa mara ya kwanza akaiweka halua chini. "Hapo hakuna kesi. Binti atabaki."

 Nahodha akainama akanywa maji ya mtungini kwa kata, akaingia ndani na nyundo.

Mlango ukarudishwa mahali pake, lakini ulikuwa umekatwa, na chini pakabaki uwazi wa shubiri. Alitaka kuongeza ubao. Nikamwambia asiguse. Mama akarudi kupita kama zamani, mlango wa kwanza, ufa, msumari, mlango wa pili, mtungi, mpaka Mungu alipomchukua, na hakuna aliyenihamisha. Mume wangu alikaa mle miaka mingi, akiendelea kubeba bahasha, na pale kwa kahawa hawakumwambia tena ameolewa. Walimwita nahodha, na sasa alikuwa haitikii. Asubuhi kuku wa mama waliingia kwa chini ya mlango bila hodi, wakapita mbele ya miguu yake akiwa anavaa ile kaptula, na mie nikiwa kitandani nilikuwa nawaacha wapite.