Kinyungu Nilichokiandikisha Mwenyewe

Mimi ni mtu wa nyumbani. Habari za Tunduma, mji wa mpakani, nazisikia redioni utadhani ni nchi ya mbali, wakati magari ya huko yanapita hapa kila siku. Mke wangu husema nyumba yetu haihitaji kufuli, maana mwizi akija atanikuta nimekaa.

Ndiyo maana watu walishangaa kuniona wa kwanza kwenye foleni, siku ya kujiandikisha kupata mbolea ya ruzuku pale ofisi ya kijiji. Mbolea inagawiwa kwa ukubwa wa shamba unalolitaja. Nikataja la kahawa, nikataja la mahindi. Halafu, kwa ujanja wa mtu aliyemaliza kidato cha nne, nikataja na kinyungu changu, yale matuta ya bondeni tunayolima kiangazi mvua zikikata.

"Hicho kiko wapi?" mtendaji wa kijiji akauliza, kalamu mkononi.

"Mtoni kabisa," nikajibu kwa fahari. "Mguu ukiteleza, umelowa."

Akaandika yote. Mbolea nikapata.

Kiangazi kilipoingia, mtendaji akaja nyumbani na daftari lile lile. Agizo limetoka: vyanzo vya maji vilindwe, marufuku kulima ndani ya mita sitini kutoka mtoni. Majirani wenye vinyungu vilivyogusana na changu hawakuwamo kwenye orodha. Wao walikaa kimya siku ile ya kujiandikisha.

"Wewe ulitupa mpaka maelekezo," mtendaji akasema, akijikaza asicheke. Akatoa karatasi ya kusaini: nakiri nimevamia chanzo cha maji, na nitang'oa mazao yote kabla ya Jumatatu.

Maharage ndiyo kwanza yalikuwa yanatoa maua. Ghala linapokauka, hicho kinyungu ndicho kinachotuvusha mpaka mahindi mapya. Nikasema nitajibu kwenye mkutano wa kijiji.

Kaka wa mke wangu, anayesafirisha nafaka mpakani, alikuwa amekuja kututembelea. Akanicheka mpaka chai ikampalia.

"Saini, shemeji. Kila siku nasema ruzuku ni kumwaga hela ya umma. Mnapewa mbolea, mnaulisha mto."

"Na lami wanayopita malori yako, umeijenga wewe?"

"Lami ni maendeleo."

"Basi kesho ukale lami," mke wangu akamwambia, akamwondolea sahani ya maharage.

Mkutanoni nikasimama. Nikasema sikatai kwamba maji yamepungua, mke wangu anachota mbali kuliko alipokuja kuolewa. Lakini ile mikaratusi pale kwenye chemchemi imepandwa na nani? Miche ililetwa kwa hela ya umma, tukaambiwa tupige makofi, na mashimo mengine nilichimba mimi. Miti ile inakunywa maji kutushinda sisi na ng'ombe wetu. Ikatwe hiyo kwanza. Mimi nitasogea nikishavuna. Ila kusaini kwamba nimevamia shamba ambalo serikali hiyo hiyo imenipa mbolea nililime, hapana.

Watu wakapiga makofi. Wenye vinyungu jirani na changu ndio waliopiga kwa nguvu kuliko wote, wakiwa wamekaa.

"Usiposaini," mtendaji akasema taratibu, "jina lako nalikata kwenye daftari la mbolea."

Huku kwetu mahindi bila mbolea ni mabua tu, na kila mtu pale alijua. Hata mimi nilishaanza kutafuta benchi kwa mkono nyuma yangu. Ndipo nikasikia sauti kutoka upande wa akina mama:

"Likate! Ila andika na sababu!"

Alikuwa mke wangu. Sasa ningekaaje?

"Likate," nikasema.

Mtendaji akalikata kwa rula. Sababu hakuandika.

Tukiwa njiani kurudi mke wangu akaniuliza, "Unajua msimu ujao tutabeba samadi mpaka shambani?"

"Najua. Tutabeba."

"Utabeba. Mimi nimeshachangia kwa mdomo."

Jumatatu hatukung'oa hata shina moja. Nilishinda nikipalilia tuta la mwisho, lile lililo karibu kabisa na maji, na kila aliyepita njiani nilimsalimia mimi kwanza, kwa sauti.