Steringi wa "Ndoo"

Siku ya kwanza niliposhika maiki nilikuwa nimejifunga leso ya kuuzia viazi karai, na mikono inanuka mafuta. Sikuajiriwa kufasiri picha. Niliajiriwa kukaa mlangoni pa banda la video pale Mishomoroni, nikate tiketi, niuze viazi wakati wa mapumziko, na niwaamshe wanaokoroma. Mfasiri wetu alikuwa mwanamume mwenye sauti nzito, na mchana ule hakutokea. Mabenchi yalishajaa, deki imewashwa, kanda imo ndani, na hakuna wa kusema.

Mwenye lile banda, ambaye sote tulimwita Mwenye Banda, akaja akasimama mbele yangu.

"Kadzo, wewe unaona?"

"Abee? Naona, mzee."

"Basi ingia useme unachoona."

Nilimwambia Kiingereza changu ni cha kusalimia tu. Akanijibu kwamba picha yenyewe ni ya Kichina, hata waliosoma hawatapata neno. Nikavua leso, nikaingia. Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi niliyoifanya mpaka mvi zikanitoka.

Ninyi mliozaliwa na simu mkononi huenda hamkuyajua mabanda yale. Ni mabati pande zote, televisheni moja juu ya meza, spika mbili, na mfasiri kwenye kigoda kando ya skrini. Mhusika mkuu tulimwita steringi, na aliyemsumbua aliitwa adui, hata kama alikuwa babake mzazi. Majina ya picha yaliyoandikwa kwenye kanda hakuna aliyeyajali. Picha ilipewa jina na watazamaji, kwa kitu kimoja walichotoka nacho, na jina hilo ndilo tuliloliandika kwa chaki kwenye ubao wa nje. Kwa hiyo mkiniuliza leo picha za ngumi nilizozipenda, nitawatajia majina ambayo hamtayapata popote.

Ya kwanza ni "Shemeji", picha ya siku ile ile. Wanaume wawili wanapigana tangu mwanzo hadi mwisho, na katikati yuko mwanamke analia. Sababu siijui mpaka leo. Nilipoona watu wameanza kunung'unika nikasema hawa ni mtu na shemeji yake, mmoja amemtesa dada wa mwenzake. Banda zima likasema aaa. Kuanzia hapo kila ngumi ilikuwa na maana, na mama mmoja wa benchi la nyuma alitaka kusimama amsaidie yule dada.

Picha ilipokwisha nilitarajia sifa. Mwenye Banda akanivuta kando.

"Umefanya vizuri. Lakini nisikilize. Sababu unaweza kukisia, maana haionekani. Matendo usikisie. Aliyeanguka ameanguka."

Nikaitika, nikarudi kwenye viazi vyangu. Wakati ule niliona ni maneno ya mtu asiyejua kusifu.

Kwake nilijifunza mengi mengine. Nilijifunza kusafisha kichwa cha deki kwa pamba na spiriti, picha ikianza kutoa chengachenga. Nilijifunza kutotangulia, yaani kutosema bunduki italia kabla haijalia, kosa la wafasiri waliokwisha kuiona kanda mara nyingi. Na nilijifunza kupisha. Ngumi zikianza, mfasiri anafunga mdomo. Anazungumza pale wanapotafuta pumzi, basi. Wako wafasiri waliopiga kelele juu ya kila teke, wakajiona mafundi. Mimi hao siwahesabu.

Picha yangu ya pili ndiyo iliyonifundisha kupisha: "Pasi". Steringi ni fundi cherehani mwembamba, na maadui wanamkuta dukani anapiga pasi suruali ya mteja. Anapigana nao kwa mkono mmoja, kwa sababu mkono wa pili umeishika pasi na hataki kuunguza suruali. Kila akimwangusha mmoja anarudi kunyoosha mkunjo. Mle ndani hakuna neno la kusemwa. Nilinyamaza muda mrefu mpaka watu wakageuka kuniangalia kama bado nipo, kisha wakacheka hadi machozi. Ile suruali ilinyooka kuliko ya Meneja, nami nilimwambia hivyo.

Meneja alikuwa bosi wangu wa pili. Mwenye Banda alipochoka akauza deki, mimi nikachukuliwa na banda kubwa la Changamwe, karibu na viwanda. Pale wateja walikuwa vibarua, wapakiaji, madereva wa malori, wengi wao watu wa bara. Walinisemesha kwa Kiswahili chao cha haraka, mama wakimwita mathe: "Mathe, songesha hiyo stori." Meneja mwenyewe alichomekea shati hata Jumamosi na alikuwa na kalamu mfukoni isiyoandika. Alinipokea kwa sharti moja.

"Hapa kwangu steringi hafi."

"Na akifa kwenye picha?"

"Akifa kwenye picha, wewe utamfufua. Mtu ametoka kubeba mizigo, hawezi kutoka hapa na msiba."

Basi nikawa mfufuaji. Steringi akipigwa risasi, nilisema amejifanya. Wakionyesha kaburi, nilisema ni la pacha wake. Na watu walipenda. Wanaliona jeneza kwa macho yao, nami nasema ndani mmejazwa matofali, mwenyewe kapanda basi zamani. Banda zima linaangua kicheko. Ulikuwa mchezo wetu, na sikuona ubaya wake.

Kati ya wateja wetu alikuwapo Mzee Chengo, fundi wa kuchomelea vyuma. Kila Jumamosi mchana alikaa benchi la mbele, akimwonya steringi kwa sauti kwamba adui yuko nyuma ya mlango. Baadaye macho yakaanza kumsumbua. Hospitali walimwambia ni presha ya macho, na kwamba amechelewa. Akatoweka kwa muda mrefu. Jumamosi moja akarudi akipapasa kwa fimbo, akalipia tiketi kama kawaida.

"Mzee, umekuja kuona nini?" mmoja wa vibarua akamtania.

"Nimekuja kumsikiliza Kadzo," akasema, akapapasa mpaka benchi lake.

Tangu siku hiyo ufasiri wangu ulibadilika. Nilianza kusema mambo ambayo sikuwa nikiyasema: adui amevaa kanzu nyekundu, mlango uko kushoto, mvua imeanza kunyesha. Wengine walilalamika, "Mathe, si tunaona?" Nikawajibu kwamba wanaoona wanyamaze. Mzee akaanza tena kumwonya steringi, na mara nyingi aliwahi kabla ya wenye macho. Nilifurahi sana. Sijawahi kuipenda kazi yangu kama kipindi kile.

Picha yangu ya tatu, niliyoipenda kuliko zote, ni "Ndoo". Steringi ni mtunza nyumba ya kupangisha, mtu mzima mwenye kitambi, na silaha yake ni ndoo ya bati ya kupigia deki sakafu. Genge linataka kuwafukuza wapangaji, naye anawapiga ngazi baada ya ngazi. Mwishoni genge linachoma nyumba. Anapanda na ndoo ya maji kumtoa bibi mmoja wa ghorofa ya juu. Bibi anatoka, yeye paa linamwangukia. Wapangaji wanamzika na ile ndoo juu ya jeneza. Nilishaifasiri mara nyingi, na kila mara niliyataja matofali.

Jumamosi moja tuliiandika ubaoni. Mzee Chengo alikuja mapema, nami nikamsalimu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kadzo, nina neno. Wiki iliyopita nilimsimulia shemeji yangu yule steringi wa picha ya juzi, mlinzi wa soko, alivyotoroka. Alinicheka mpaka akakohoa. Ati mlinzi alizikwa, na kaburi lilionyeshwa."

Nikajitetea. "Ni mchezo wa hapa, mzee. Kila mtu anajua."

"Wanajua kwa sababu wanaliona kaburi. Mimi kaburi silioni. Mimi nina wewe tu." Hakusema kwa hasira. "Akifa, niambie amekufa. Nilikuwa mtu mzima kabla macho hayajaniacha."

Nilimwendea Meneja nikamwomba, kwa siku ile moja tu, niseme kweli. Akaniuliza ni kwa ajili ya nani. Nikamwonyesha.

"Mzee mmoja," akasema. "Na haya mabenchi mengine? Kadzo, ukimuua steringi wangu leo, maiki unaiacha hapo mezani na viazi vinakungoja mlangoni."

Nilijua hatanii. Nilikaa kwenye kigoda, nikaishika maiki. Kazi ile niliipenda kuliko kitu chochote nje ya wanangu. Nilifasiri "Ndoo" ile siku vizuri kuliko nilivyopata kuifasiri. Nilipisha palipofaa kupishwa, nikamtajia mzee kila ngazi na kila moshi. Paa likaanguka. Likaja jeneza, na watu wakaanza kutabasamu, wanangoja matofali.

"Amekufa," nikasema. "Jeneza ni la mbao nyeupe. Juu yake wameweka ndoo yake. Bibi aliyemwokoa ameshika kishikio cha ndoo na hataki kukiachilia."

Hakuna aliyecheka. Kibarua mmoja alivua kofia, nadhani bila kujua. Mzee Chengo alikuwa ameinamisha kichwa juu ya fimbo, machozi yanamtoka, wala hakuyafuta. Niliweka maiki mezani, nikaenda kujifunga leso.

Meneja alifasiri mwenyewe wiki mbili tatu, vibaya. Kisha zikaja diski zilizofasiriwa tayari Nairobi, vijana wakifanya mzaha juu ya picha bila kusema mlango uko wapi. Mzee Chengo aliijaribu moja, akatoka katikati. Akaniuliza kama penye mlango pana nafasi ya kiti cha pili. Basi Jumamosi zote zilizofuata alikaa hapo, mimi nikichungulia kwenye pazia na kumwambia pole pole, mkono mmoja kwenye karai. Meneja alituona, akapita. Nadhani aliona amekwisha kunishusha hadi mlangoni, na chini ya hapo hapakuwa na pengine pa kunipeleka.

Banda lilifungwa, sasa ni duka la vigae. Mimi nimepumzika nyumbani Mishomoroni, miguu imevimba, sauti bado ipo. Sijutii kurudi mlangoni. Kilichoniuma, na bado kinaniuma, ni kwamba maneno ya Mwenye Banda, kuwa aliyeanguka ameanguka, niliyaelewa nikiwa na umri mkubwa hivyo.

Jumapili iliyopita binti yake Mzee Chengo alimleta kunitembelea. Alikuwapo pia mpangaji wangu, kijana wa bara, na simuni mwake alikuwa na picha ile ile ya "Ndoo", imefasiriwa na mmoja wa wale wa Nairobi. Tukaisikiliza barazani. Lilipofika jeneza, mfasiri akacheka akasema mle ndani ni matofali.

"Si mnaona?" kijana akasema. "Huyo jamaa alihepa."

"Alikufa," Mzee Chengo akamwambia. "Alitangulia kumtoa bibi, kisha paa likamwangukia. Nilimwona mwenyewe."

Kijana akamtazama mzee macho, akaitazama fimbo, kisha akanigeukia mimi.

"Alimwona," nikasema. "Nilikuwa naye."