Blanketi Lililouma

Fundi saa wa kibanda cha kona alifunga Kwaresima kama alivyofunga skrubu, kwa makini na huku akitazamwa. Jumatano ya Majivu alipakwa msalaba kwenye paji la uso, na hadi Ijumaa hakunawa uso ila macho, tena kwa ncha ya kitambaa. Mteja alielezwa kabla hajavua saa mkononi.

"Samahani, sauti haitoki vizuri. Nimefunga."

"Pole, fundi."

"Usinipe pole. Haya ni siri ya mtu na Mungu wake."

Siri hiyo ilijulikana mtaa mzima.

Nyumbani alimfungisha hata mama yake. Bibi huyo alikuwa na miaka sabini na minne, magoti yakilia kama bawaba kavu, na Kanisa lenyewe lilishamsamehe kufunga kwa umri wake. Mwanawe hakumsamehe.

"Mama, chai kavu inatosha. Sukari ni anasa."

"Mwanangu, nimefunga kabla hujazaliwa. Hata mimba yako niliibeba Kwaresima."

"Basi umeshazoea."

Jumapili ya nne padri alitangaza kwamba kila nyumba ilete kitu cha kuwapa maskini, kitu ambacho kukitoa kunauma. Fundi alirudi akazunguka vyumba vyake viwili akipima maumivu. Redio? Ilimletea habari. Kiti cha mto? Mgongo wake je? Viatu vyeusi vilikuwa vya kanisani, yaani mali ya Mungu tayari. Akafika kwenye kitanda cha mama, akaliona blanketi la sufu, zito, zawadi ya marehemu baba. Akalikunja huku machozi yakimlengalenga. Padri alitaka kitu kinachouma, na hicho kiliuma kweli. Hakusema kimuume nani.

"Utabarikiwa, mama," alisema, akatoka nalo kwapani.

Mvua zilikuwa zimeanza. Wiki nzima bibi alijifunika shuka mbili, na asubuhi magoti yalikataa kuamka naye.

Jumamosi maskini walipanga foleni kwenye ukumbi wa parokia. Fundi, kwa kuwa mwandiko wake ni mzuri, aliketi mezani na daftari, kando ya rundo la sadaka, akiuliza bila kuinua macho.

"Unaishi na nani?"

"Na mwanangu."

"Ana kazi?"

"Anayo. Tena ana kibanda chake."

"Sasa mbona hakutunzi?"

"Amefunga."

Foleni iliangua kicheko. Kalamu ikasimama. Fundi akainua macho, akamwona mama yake ameegemea fimbo, shuka mabegani.

"Mama! Unaniaibisha mbele za watu!"

"Mimi? Nimekuja kuomba kama wenzangu. Naomba lile la sufu, lililo chini ya masufuria. Au limeshapata mwenyewe?"

Padri, aliyekuwa akipanga viatu kwa jozi, aliwatazama wote wawili. Akalichomoa blanketi, yeye mwenyewe akamfunika bibi, akarudi kupanga viatu.

Fundi aliruka kutoka kitini. "Nikushike mkono mpaka nyumbani, mama."

"Kaa, mwanangu. Ukinishika, kesho wateja watahadithiwa."

Akaondoka polepole, pindo la blanketi likiburuza sakafuni. Fundi akabaki amesimama, kalamu mkononi, mpaka mwanamke aliyefuata kwenye foleni alipogonga meza.

"Niandike basi, fundi. Mimi kwangu hakuna hata wa kufunga."