Jibu Nililombonyezea Mjukuu Wangu

Mjukuu wangu wa kike alipoitwa kwenye usaili wa jeshi, alitia programu ya mazoezi katika simu yake. Kila asubuhi baada ya sala tulitoka Jang'ombe kwenda kiwanja kimoja cha upande wa Amani. Yeye akikimbia, mimi nikikaa juu ya tofali na simu mkononi. Programu ilimpangia kazi ya siku, na akimaliza humuuliza hali yake. Mimi nikisoma swali, yeye akijibu huku anahema, nami nikibonyeza.

"Inauliza umechoka kiasi gani."

"Iambie nnakufa, babu."

"Kufa hamna humu. Pana kidogo, wastani na sana."

Nikizipenda asubuhi zile kuliko nilivyomwonyesha.

Siku moja swali lilikuwa kama pana mahali panapouma. Akasema, "Muundi wa mguu wa kulia, babu. Si sana." Nilikumbuka alipowahi kusema goti linauma, programu ikampumzisha. Usaili ulikuwa karibu, na binti wa jirani yetu, naye ameitwa usaili huo huo, alikuwa akikimbia bila kusimama. Nikabonyeza hapana.

Kesho yake programu ikamwongezea mbio. Alishangaa, kisha akacheka. "Kama yenyewe imeona naweza, basi naweza."

Nilikuwa na nafasi ya kusema pale pale. Badala yake nikambonyezea aanze. Aliendelea kukimbia mpaka siku aliyokaa chini katikati ya kiwanja, ameshika mguu, akilia. Hospitali daktari alisema mfupa umeanza kupata ufa, asikimbie mpaka upone. Maana yake usaili ule umempita.

Tulipokuwa tukisubiri dawa kwenye benchi, nikamwambia. "Siku ile uliyosema muundi unauma, mimi nilijibu hauumi."

Alinigeukia. "Kwa nini, babu?"

"Nlitaka uwe mbele."

"Mbele ya nani?"

Alifuta uso kwa ncha ya mtandio, akanyoosha mkono. "Haya, nipe bega tushuke ngazi. Polepole! Ukianguka wewe, nani atanibeba mimi?"

Ataomba tena nafasi zikitangazwa. Sasa anatembea tu, na jana aliniuliza kama nitarudi naye kiwanjani atakapoanza kukimbia. Nilisema nitakuja.

"Njoo," akasema. "Lakini simu nnashika mwenyewe."