Bangili Isiyopakwa Nta

«Tantine, juu ya nini mukono yako iko vert, kijani sawa chura?»

Ariane alikuwa bado wa shule ya msingi, amekaa juu ya ndoo ndani ya atelier, karakana ya shangazi yake mtaani Kadutu, Bukavu. Mélanie, fundi wa mapambo ya shaba, alivuta shati akafunika bangili yake, akamtuma mtoto sabuni.

Mélanie alijifunza kufua shaba kwa fundi Papa Philémon, akitumia nyaya kuukuu za umeme. Watu walicheka mwanamke mwenye nyundo, mpaka walipoona kazi yake. Halafu akaanza kusema: sokoni, parokiani, mwishowe redioni. Bibi harusi wa Bukavu aache dhahabu ya uongo ya ng'ambo, avae shaba ya mikono ya hapa. Christine, binti wa Papa Télesphore wa parokiani, alikuwa bibi harusi wa kwanza kukubali. Wengine wakangoja kuona atapendezaje.

Bangili huoshwa kwa ndimu na majivu, kisha hupakwa nta ya nyuki ya moto, ili jasho lisiile shaba. Nta ya bangili za Christine ilikuwa jikoni redio ilipompigia Mélanie simu. Akatoa sufuria motoni, akakimbia. Huko redioni alieleza vizuri sana kwamba fundi wa kwetu hana haraka. Aliporudi, nta imeganda na yeye ameisahau. Akafunga bangili zile ndani ya kitambaa bila kuzipaka, akapeleka.

Kanisani kulikuwa na joto. Wakati wa matoleo Christine alikumbatia kikapu, na alipokiweka chini gauni jeupe lilikuwa na michirizi ya kijani kifuani kote.

«Bamemuvalisha kamba ya courant, waya ya umeme,» akasema tantine mmoja wa upande wa bwana harusi. Benchi zima likacheka. Mélanie alitoka kabla ya baraka.

Bangili moja ilirudi Jumatatu, ndani ya kitambaa kilekile. Mélanie akaivaa hivyohivyo, bila nta. Mwaka mzima hakukanyaga redioni. Aliporudi, alianza na habari ya nta, akiangalia meza. Leo anafundisha wanawake kufua shaba, na mkono bado uko shatini.

Ariane sasa yuko humanités, shule ya sekondari. Likizo hii alikuwa akipaka bangili za wateja.

«Tantine, leta na yako basi niipake.»

Mélanie akaurudisha mkono nyuma.

«Acha. Christine aliileta yeye mwenyewe. Akanisalimia muzuri, akauliza kama nilikula. Kama angenitukana, ningekuwa nimeshaivua.»