Mbuzi wa Ukoo na Taarifa ya Kamanthe

Kwa miezi minne Kamanthe hakulisikia jina lake likitoka kinywani mwa dada yake. Nyumba zao hapo Katelembo zilitazamana, korongo likiwa katikati, na ingawa kila mmoja alikuwa na simu, Syokau alizoea kupaza sauti asubuhi: "Kamanthe, umeamka ama umekufa?" Naye hujibu, "Nimekufa, njoo unizike." Kisha kila mmoja hurudi kwa moto wake akicheka.

Sasa Kamanthe aliamka, akakoroga uji, akasikiliza. Korongo lilikuwa kimya. Akiona moshi wa dada yake unapanda, alijua tu kwamba yu hai.

Kisa kilianzia mtoni. Kamanthe alikuwa amekwenda kuteka maji mchana kweupe, akamwona Ndunda, mwana wa Syokau, akichota mchanga mahali palipokatazwa. Aloys, mlinzi wa shamba lililopakana na mto, alimzuia. Ndunda aliinua beleshi akampiga nalo mara mbili, mkono wa Aloys ukavunjika. Polisi walipokuja kuuliza, Kamanthe alieleza alichokiona. Alisomewa taarifa, akatia sahihi. Hakuwa na mtoto wa kumzaa, na huyo Ndunda alilelewa nusu ya utoto wake mgongoni mwake. Hata hivyo alisema.

Kesi ikapelekwa kortini, Ndunda akashtakiwa. Ndipo wazee wa ukoo walipoketi nyumbani kwa Syokau. Mbuzi wakachinjwa, Aloys akaombwa msamaha, akakubali. Kwa desturi, watu wakishakula nyama hiyo pamoja, neno limekwisha, na anayelifufua ni mchawi. Wote waliondoka wakiamini hata kortini limekwisha. Lilibaki jambo dogo tu, walisema: Kamanthe aondoe taarifa yake.

Kesho yake Syokau alivuka korongo. Kamanthe alipomwona mlangoni alisahau maziwa jikoni, yakafurika.

"Ukizeeka hata maziwa yanakudharau," Syokau alisema, akaketi mahali pake pa zamani.

Kamanthe alimwandalia chai kwa furaha.

"Watu wameshakula," Syokau akaendelea. "Aloys mwenyewe alipewa mguu, akaumaliza kwa mkono mmoja. Imebaki karatasi yako tu. Enda uitoe."

"Niitoe vipi, dada?"

"Sema jua lilikuwa machoni. Sema polisi walijiandikia. Ni maneno tu."

Kamanthe alisukuma kuni motoni. Saa ile angeweza kusema hata mto haukuwako, mradi dada yake aendelee kuketi pale. Syokau alimaliza chai, akaomba ya pili, na huo ndio uliokuwa mtihani wenyewe.

Siku iliyofuata Kamanthe alikwenda kituoni. Koplo Wavinya, aliyeandika taarifa ile, alimpa kiti.

"Mwaitu, mama yangu, unataka kuiondoa kwa sababu ilikuwa uongo, ama kwa sababu inauma?"

"Inauma."

"Basi nisikilize. Ukisema ilikuwa uongo, umekiri ulidanganya polisi, na hilo linashtakiwa. Ukienda kortini ukaapa kwamba hukuona, hali uliona, hilo ni kubwa zaidi. Watu hufungwa. Na hii ya kwanza haichomwi. Itasomwa mbele yako, uulizwe ni lini ulikuwa mkweli."

"Na kama nilikosea mahali?"

"Kukosea si kosa. Tuonyeshe, tuandike nyingine, zote mbili zikae kwa faili."

Kamanthe aliomba asomewe tena. Alifumba macho, akaomba Mungu apatikane walau mstari mmoja usio wake. Koplo alisoma polepole hadi mwisho. Kila neno lilikuwa lake.

"Na wale mbuzi?"

"Kesi si ya Aloys peke yake, ni ya serikali. Wazee wenu waende kortini, waseme wazi kwamba wamepatana. Hakimu atapima. Lakini wapeleke mapatano, wasipeleke uongo."

Wapo wanaodhani kwamba ukweli ukishasemwa unaweza kurudishwa nyumbani kama sufuria iliyoazimwa na jirani. Kamanthe hakuwa mmoja wao, ingawa siku hiyo alitamani kuwa.

Alivuka korongo kabla jua halijatua. Syokau alikuwa akichambua mbaazi kwenye ungo, naye akamsikiliza bila kuinua kichwa.

"Nitasimama nanyi kuomba ahurumiwe," Kamanthe alimaliza. "Lakini nikiulizwa nilichoona, nitasema."

"Ulimbeba mgongoni."

"Nilimbeba. Ningekuwa mama yake, ningemwambia akubali kosa."

"Si wewe mama yake," Syokau alisema, akaendelea na mbaazi.

Kamanthe alibaki amesimama hadi ungo ulipokwisha. Hakuambiwa keti.

Siku ya kesi, kule Machakos mjini, aliapa kwa Biblia. Kiongozi wa mashtaka alimuuliza ni nani aliyeinua beleshi. Ndunda alikuwa kizimbani, amekonda, akimtazama kama alivyomtazama zamani akiwa na njaa.

"Ni Ndunda," alisema. "Mtoto wetu."

Kisha aliomba ruhusa ya kusema jambo moja, kwamba ukoo umepatana na Aloys na kwamba yeye anamwombea kijana huruma. Hakimu aliandika. Alisema jambo hilo litapimwa wakati wake, kesi ikaahirishwa.

Nje, Syokau alishika njia ya kwenda stendi, leso ikiwa imekazwa kichwani. Kamanthe alimfuata, hatua tatu nyuma, kwa kuwa hakujua pengine pa kwenda. Walipita maduka, wakapita soko. Syokau hakugeuka. Lakini hakuongeza mwendo.