Mlango wa Mashini

Depo ya zamani ya treni, ile inayopakana na reli ukitokea mtaani kwetu Kamalondo, siku hizi ni ukumbi wa watu wote. Asubuhi utakuta wanafunzi wanasoma, mchana akina mama wa kwaya wanafanya mazoezi, na Jumamosi ni harusi. Reli zimeachwa sakafuni, zimezungushiwa saruji mpaka ziko sawa na sakafu, na winchi ya kunyanyulia mashini, yaani vichwa vya treni, bado inaning'inia juu, imepakwa rangi ya manjano. Mimi nilipapenda siku ile ile nilipoingia. Binti yangu alipoposwa nikasema sherehe itafanyika pale na si penginepo, na mimi nikishasema sirudi nyuma.

Sababu ilikuwa baba yangu. Alifanya kazi humo mpaka siku depo ilipofungwa. Hakuwa fundi wala dereva. Kazi yake ilikuwa kutangulia mbele ya mashini inapoingizwa ndani, anatembea kinyumenyume, anaiita kwa mikono: njoo, polepole, simama. Akishaisimamisha anawaambia mafundi, "Ishafika muzima. Muichunge." Hata nyumbani, akileta mfuko wa unga wa bukari, ugali wetu, toka sokoni, anautua mbele ya mama na kusema maneno hayo hayo. Sisi watoto tulikuwa tunamwiga na kuangua kicheko.

Mume wangu alifariki binti yetu akiwa hajaanza shule, na baba ndiye aliyemlea. Kwetu bibi harusi anaingizwa ukumbini na baba yake, na asiye na baba anaingizwa na aliye mahali pake. Kama Kambo, maana ndivyo wajukuu wanavyomwita baba yangu, asingemwingiza, binti yangu angeingia peke yake mbele ya wakwe, kama mtu aliyeokotwa njiani. Hilo lilikuwa linaninyima usingizi. Baba mwenyewe hakuwa amekanyaga depo tangu ilipofungwa. Kila nilipomwambia twende ukaone walivyotengeneza, alijibu ataona siku ya ndoa.

Wakwe ni wafanyabiashara wa jumla waliotoka Kivu ya Kaskazini, watu wa malori na wa kusali, watu wanaoshika saa. Waliniuliza kwa adabu kwa nini tusichukue ukumbi wa mjini wenye kapeti. Niliwajibu kwa adabu vilevile, ingawa moyoni nilikuwa nachemka. Nikawaambia ngojeni muuone mlango wake.

Mlango huo ndio ulikuwa fahari yangu. Waliotengeneza jengo wamefungua mlango mpya upande wa barabara, wa vioo vitupu, na mbele yake marumaru na maua kwenye vyungu. Ile milango mikubwa ya zamani, upande wa reli, wameipaka rangi wakaifunga kwa makomeo. Wageni wetu wote waliingilia kwenye vioo, na wakwe nao, na nikaona wanavyogeuza shingo kutazama. Roho yangu ikatulia.

Basi wageni wamekaa, muziki wa kuingilia umeanza. Nje, baba kavaa suti niliyomshonea kwa mikono yangu, kamshika mjukuu wake mkono. Mimi niko nyuma nimeshika mkia wa gauni, nalo nimelishona mwenyewe. Walipofika kwenye marumaru baba akasimama. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akapima kwa macho mpaka kwenye kona ya jengo. Nikamwambia baba, twende, tunachelewa.

"Hapa njo kulikuwa choo yetu," akasema. "Choo ya depo muzima. Mi siwezi pitisha mutoto mu choo siku ya ndoa yake."

Mama yangu! Hasira zikanipanda mpaka utosini. Nikamwambia choo kilishavunjwa, panapigwa deki kila siku, na hata wakwe wamepita hapo hapo. Bora ningenyamaza. Uso ukambadilika, akauliza sasa tutawaomba radhi namna gani watu wa heshima tuliowapitisha chooni. Nikamwita kichwa ngumu. Baba ni baba, lakini nilimwita. Yeye mguu hautoki pale.

Muziki ukaisha, ukaanzishwa upya. Kupitia kioo nilimwona baba wa bwana harusi anatazama saa yake. Nikajua sasa tumeumbuka. Binti yangu, ambaye ndiye angekuwa wa kulia, aliuliza tu, "Kambo, basi tupite wapi?"

Baba akanyoosha kidole upande wa nyuma. Anataka mlango wa mashini. Huko ni kokoto na nyasi kavu na lile vumbi letu jekundu la kiangazi, na gauni ni jeupe! Nikasema haiwezekani. Binti akavua viatu, akanikabidhi, akaanza kwenda. Ningefanya nini? Nikakusanya gauni mikononi nikamfuata, huku nanung'unika njia nzima.

Msichana anayesimamia ukumbi alikuja mbio kuuliza kuna nini. Nikamweleza, nikitegemea atacheka. Hakucheka. Alisema milango hiyo haijafunguliwa tangu ipakwe rangi, na meza zimepangwa juu ya reli, lakini atajaribu. Akaingia ndani kuwaeleza watu. Tukiwa nje tukasikia meza zinaburutwa. Baadaye niliambiwa kwamba wa kwanza kuvua koti na kuanza kusukuma alikuwa baba wa bwana harusi.

Makomeo yaligongwa kwa nyundo mpaka yakaachia. Milango ikafunguka, jua la alasiri likaingia ndani kabla yetu, na wageni wote wakageuka. Nikamvisha binti viatu na kulikung'uta gauni. Hapo baba akauachia mkono wa binti. Nikadhani amekataa tena.

Kumbe anatangulia. Aliingia katikati ya reli, akageuka akamtazama mjukuu wake, akainua mikono. Njoo. Binti akaja. Polepole. Akapunguza mwendo. Mzee wa watu anarudi kinyumenyume ndani ya suti mpya, hatazami nyuma hata mara moja, na miguu haikosei. Mpiga muziki alisahau kupiga. Zilisikika hatua zao tu. Mimi nililia waziwazi, sikuhangaika hata kutafuta leso.

Karibu na meza ya wakwe mikono ikasimama, na binti akasimama. Baba akawageukia wakwe.

"Ashafika muzima," akasema. "Mumuchunge."

Mama wa bwana harusi aliinuka, akaizunguka meza, akamchukua binti yangu kwa mkono na kwenda naye. Baba akabaki pale kati ya reli, mikono bado iko juu kidogo, hajui aiweke wapi. Nikaenda nikaishika.